Weris Anachagua Pensheni, Rage Anamchagulia Siasa

Jua la Modogashe halijapanda vizuri, na Weris anakoroga uji wa wanafunzi kwa mwiko unaomzidi mumewe urefu, jambo ambalo mumewe hapendi litajwe.

Mpishi huyu wa shule ya bweni anastaafu mwezi ujao. Wiki hii lazima aamue: achukue sehemu ya pensheni yake kwa mkupuo, au yote iingie kidogo kidogo kila mwezi mpaka afe. Redioni wanasiasa wanabishana kama huo mkupuo ufutwe kabisa. Akizubaa, wataamua wao.

Mumewe, Sugow, alishaamua. "Chukua kila shilingi watakayokupa, twende Eldas tununue ngamia." Aliyasema hayo amekaa. Mambo mazito yote Sugow huyaamua amekaa.

"Mbuzi wetu walienda na ukame," Weris alimkumbusha. "Ngamia nao wana mkataba na mvua?"

Kwenye kibanda cha chai langoni, moto ni mkali zaidi. Siku Weris alipounga mkono mkupuo, Rage, dereva wa lori, alimwita bepari. Kesho yake Weris akasema vijana wachangie wazee, Rage akamwita msoshalisti wa mrengo wa kushoto.

"Kushoto? Astaghfirullah! Mimi nakula kwa mkono wa kulia," Weris alimjibu. "Na wewe walaal, ndugu yangu, unayenunuliwa chai kila siku, mrengo wako upi?"

Lakini akiwa peke yake na sufuria, mzaha unaisha. Anakumbuka ukame ule. Binamu yake aliwaazima ngamia mwenye maziwa, kama ilivyo desturi: Sugow akakamua, watoto wakanywa, mvua iliponyesha wakamrudisha.

"Mali yetu ilikuwa imekwisha, lakini kila asubuhi maziwa yalikuwepo," anasema. "Uzee wangu nautaka hivyo."

Ameamua. Mkupuo utakuwa mdogo, wa ngamia mmoja tu. Pesa zinazobaki ziingie kila mwezi. Na ngamia huyo ataanzia kwa Nasteha, mjane jirani yao anayeosha sufuria hapo jikoni kama kibarua. Miaka saba kazini, pensheni hana, na redioni hakuna anayemtaja.

"Ngamia wetu aanzie kwa jirani?" Sugow anashangaa.

"Mpaka watoto wa Nasteha wanenepe. Na ngamia hukamuliwa na wanaume, kwake hakuna mwanamume. Utakwenda wewe, kila asubuhi."

Sugow anasimama. "Hiyo nayo ni siasa gani?"

"Rage atatuambia. Wewe tafuta kibuyu."