Vifungo vya Makoti kwenye Ramani ya Rowena

Rowena Gedge hakuwahi kuwa na cheo kikubwa maishani mwake. Alikuwa mkuu wa jiko la shule, basi, na siku alipostaafu walimpa kadi na maua yaliyoanza kunyauka. Lakini mwezi wa pili ukikaribia, watu wazima wenye bunduki zao na majigambo yao huja nyumbani kwake, huku kwetu Norfolk, wakavua viatu mlangoni na kukaa jikoni kwa adabu kama watoto waliochelewa darasani. Anayetaka kubisha, abishe nje. Ndani ya jiko lile anapanga Rowena.

Anachopanga ni windo la mantijaki katika msitu wa Bi Howes. Mantijaki ni paa wadogo, kimo chao cha mbwa wa kawaida tu, mgongo umejikunja, na hubweka vibaya sana hata mgeni akadhani kuna mtu katelekeza mbwa porini. Wamezaliana mpaka wamekuwa kero. Maua ya buluu ya msituni wameyamaliza, machipukizi ya miti wameyamaliza, sasa wanaruka ua na kula waridi za watu. Bi Howes ameomba wapunguzwe, na hataki fujo wala risasi za ovyo ndani ya msitu wake.

Basi Rowena ana ubao, na juu ya ubao ameubandika msitu mzima, ramani aliyoichora mwenyewe: kila njia, kila mtaro, bwawa, na kila kiti cha juu, yaani zile ngazi zenye kiti zinazoegemezwa mitini. Kila mwindaji humkabidhi kifungo kimoja alichokikata kwenye koti lake la kuwindia. Rowena akishakiweka kifungo chako kwenye kiti fulani, hapo ndipo ulipo. Hushuki mpaka gari lije kukuchukua, hata kibofu kikikupigia kelele. Wiki moja kabla, huyu mama hupanda viti vyote peke yake, na chupa yake ya chai, akae juu ya kila kimoja na kujiuliza: mtu akijisahau hapa, risasi yake itakwenda kwa nani? Kama nyuma ya mnyama hakuna udongo wa kuizuia, kiti hicho hakikaliwi. Nimeishi na wawindaji miaka mingi na sijaona mwingine mwenye subira hiyo. Sijaona!

Na windo likiisha, kila mtu hurudi jikoni na kuchukua kifungo chake mwenyewe kwa mkono wake. Mpaka ubao uwe mweupe, bila kifungo hata kimoja, hakuna kugusa chakula. Mwaka mmoja Clive Bunn, fundi bomba, mtu wa maneno mengi, alijisahau nje akivuta sigara, na pai ya watu wote ikapoa ikimsubiri. Mpaka leo anasimangwa.

Ni mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kuweka kifungo chake mwenyewe: mzee Hubert Larter. Huyu ndiye aliyeutunza msitu ule enzi za baba yake Bi Howes, na ndiye aliyemfundisha Rowena kushika bunduki wakati ambapo wanaume wengine walimwambia arudi kwenye sufuria zake. Tangu mkewe afariki, Hubert hatoki sana. Lakini kwa windo la Februari hunyoa ndevu, huvaa tai, na kiti chake ni kile cha kwenye mwaloni, siku zote.

Mwaka ninaousimulia, siku ya kupanga, akainuka, kifungo mkononi, akakiweka kwa mbwembwe zile zile. Akakiweka katikati ya bwawa.

"Heee!" Clive akapasuka. "Mzee, mwaka huu unawinda samaki?"

Watu wakacheka. Hubert naye akacheka, lakini alichelewa, na vidole vyake vikaanza kupapasa ramani vikitafuta mahali mwaloni ulipo. Rowena aliviona vidole vile. Hakucheka. Aliinuka akasema chai imeiva, ingawa birika lilikuwa halijachemka.

Kesho yake alikwenda kwa Hubert. Njia nzima alitamani akute mlango umefungwa.

"Karibu, binti," mzee akasema. Rowena kapita miaka sitini, lakini kwa Hubert ni binti tu.

"Macho yamefikia wapi, Hubert?"

"Macho gani?"

"Usinizungushe. Ulikiweka kifungo bwawani."

Mzee akageukia dirishani. "Ukungu kidogo, katikati. Pembeni naona vizuri. Daktari anasema ni uzee, na huo uzee sikuununua dukani."

"Basi huwezi kukaa na bunduki."

"Rowena!"

"Kushoto kwa mwaloni anakaa Clive."

"Clive namjua alipo! Nilimjua baba yake kabla yeye hajazaliwa! Mimi ndiye niliyekuonyesha kidole kinakaa wapi, leo unakuja nyumbani kwangu kunivua bunduki?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe," akasema Rowena. "Ningeweza kupiga simu. Ningeweza kukunyima kiti kimyakimya nikasingizia ngazi imeoza. Ulinifundisha kwamba anayepiga asichokiona ni muuaji. Maneno yako hayo, si yangu. Kile kiti cha watu wawili, kule ng'ambo ya bwawa, nimekitenga kiwe chetu. Bunduki moja, yangu. Njoo tukae."

"Nije kufanya nini? Kukubebea chai?"

"Kukaa na mimi."

"Mimi si mzigo wa kupandishwa ngazi. Nenda, binti. Nenda kabla sijasema nitakalojutia."

Akaenda. Alifika kwake akaanza kumenya viazi, akamenya mpaka vikawa vidogo kama zabibu, machozi yanamdondoka sinkini. Alijua kabisa alichokihatarisha. Mzee asipokuja mwaka huu hatakuja tena, na asipokuja tena atabaki kwenye kiti chake cha dirishani mpaka atolewe maiti. Lakini Rowena hakurudisha neno lake nyuma. Aliviweka vile vifungo viwili, chake na cha Hubert, kwenye kiti kimoja, akaviacha.

Alfajiri ya windo kulikuwa na barafu nyeupe kwenye nyasi na watu walipuliza mikono yao pale getini kwa Bi Howes. Wote walikuwepo isipokuwa mzee. Rowena aliwagawa, akakumbusha udongo nyuma ya mnyama, akakumbusha kutoshuka, na kila alipomaliza sentensi alitupa jicho barabarani. Hatimaye akasema, "Haya, tuondoke."

Hapo ndipo gari la jirani yake Hubert liliposimama. Mzee akashuka, kanyoa, kafunga tai, kwapani ana mto wa kukalia. Bunduki hana.

"Usinisemeshe," akamwambia Rowena.

"Sijasema kitu."

"Na ngazi napanda mwenyewe."

Akapanda mwenyewe, kwa kupapasa, Rowena chini yake amejikaza asimguse hata kwa kidole.

Walikaa. Mwanga ulikuja polepole, wa kijivu. Kindege kikaanza kulia, kingine kikajibu. Hubert alikuwa amefumba macho, na Rowena alidhani amelala, akaona uchungu na furaha vikimjia kwa mpigo. Angalau yuko hapa, alijiambia. Angalau amekuja.

Kisha jike akatoka kwenye miiba. Akasimama njiani, ubavu wote wazi, kilima cha udongo nyuma yake kama kimewekwa makusudi. Sasa sikiliza: mantijaki hawana msimu wa kuzaa, huzaa mwezi wowote. Kwa hiyo watu wetu wana sheria yao, haiandikwi popote na haivunjwi: jike hapigwi mpaka aonekane ana mimba kubwa, kwa sababu mwenye mimba kubwa mtoto wake wa mwisho ameshajitegemea. Jike mwembamba huenda ana kichanga kimelala kichakani kinamsubiri. Ukimpiga huyo, umeua wawili, na mmoja atakufa kwa njaa taratibu.

Rowena alitazama tumbo. Mviringo. Alitazama tena, maana mwanga ulikuwa hafifu. Mviringo kweli. Akapumua, kidole kikashuka mahali Hubert alipomfundisha kikae.

Mkono ukamgusa kwenye mkono wa koti lake.

"Acha," Hubert akanong'ona, macho bado kayafumba. "Ana mtoto."

"Tumbo limejaa, Hubert."

"Limejaa majani. Nimemsikia mtoto. Kamwita, na mama kamjibu."

Rowena hakusikia kitu. Alitega masikio, hakusikia hata unyasi. Na nitakuambia ukweli kuhusu alichowaza, kwa sababu ni binadamu: aliwaza, huyu mzee hajanisamehe, anataka tu kuonyesha kwamba bado neno lake linatawala. Jike alikuwa amesimama pale pale. Bi Howes alitaka wapungue. Na Rowena hajawahi kurudi mikono mitupu.

Akakitoa kidole. Jike akatikisa mkia, akavuka njia, akapotea upande wa kushoto. Nyuma yake hakikutokea chochote. Miiba ilitulia tu. Asubuhi yote iliyobaki hakupita mnyama mwingine.

Jikoni kulikuwa na moto, maini ya kukaanga na vitunguu, pai, na haradali ile kali. Watu waliingia mmoja mmoja wakachukua vifungo vyao.

"Mkuu wa jiko karudi bila nyama!" Clive akapiga kelele. "Mliona nini huko juu nyie wawili, au mlikuwa mnapiga soga?"

"Tuliona jike," Rowena akasema. "Nikamwacha. Alikuwa na mtoto."

"Ulimwona mtoto?"

Hubert alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, uso umeelekea sakafuni.

"Hubert alimsikia," Rowena akajibu. "Hiyo inanitosha."

Clive akaacha kucheka. Akajikuna shingo. "Jike mmoja mnene mnene hivi? Aliyetokea kwenu kuja kwangu?"

"Huyo huyo."

"Loo." Clive akamtazama mzee. "Nilikuwa nimeshamlenga, wallahi. Tena nikajisifu moyoni kwamba leo Rowena kaniachia bahati. Mara nikaona kitu nyuma yake, mbali kidogo, kinajivuta kwenye majani. Madoadoa mgongoni. Hakizidi paka. Kimezaliwa juzi kile." Akanyoosha mkono akaushika wa Hubert. "Mzee, nisamehe ile ya samaki."

"Samaki wangekuwa wengi kuliko nyama yako," Hubert akasema, na watu wakacheka, safari hii naye akacheka pamoja nao, kwa wakati.

Kwenye ubao vilibaki vifungo viwili tu, vimegusana. Mzee akasogea. Rowena alitaka kumwongoza, akajizuia. Hubert akapapasa ramani, akavuka bwawa, akavipata. Akavichezea kidogo vidoleni. Cha Rowena ni cha pembe, chake ni cha shaba, alivijua. Akachukua cha Rowena, akamwekea kiganjani na kukifumba kile kiganja. Chake akakirudisha palepale kilipokuwa, kwenye kiti cha watu wawili.

"Hubert, ubao bado haujawa mweupe," Clive akalalamika. "Watu tuna njaa!"

"Shauri yako. Hicho kitakaa hapo mpaka mwaka kesho," mzee akasema. "Na usinisahau, binti."

Rowena aliutazama ubao ule na kifungo kimoja cha shaba juu yake, yeye ambaye hajawahi kumpa mtu hata kipande cha mkate kabla ubao haujawa mweupe. Kisha akachukua kisu, akaikata pai, na kipande cha kwanza akampa Hubert.