Hema Lisilo na Sakafu

Nilinunua mahema mawili ili nimridhishe mama yangu, na yeye hakutaka kuliona hata moja.

Safari yenyewe ilianzia ghalani ninakofanya kazi. Mwenzangu wa zamu, mzaliwa wa hapa hapa Texas, alinialika tukawinde kulungu wakubwa kwenye milima ya Colorado, siku tano, mbali na barabara, kila kitu mgongoni. Yeye ana bunduki na anaijua milima. Kazi yangu mimi ilikuwa kutafuta hema. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Ukishasikiliza mashine za kufunga maboksi miaka mingi kama mimi, unatamani hata siku moja ya kimya.

Ila kwetu mtu hasafiri hivi hivi. Mama huchovya kidole gumba kwenye maji ya baraka, anakuchora msalaba kwenye paji la uso, ndipo unashika funguo za gari. Hata nikienda Houston kumwona dada yangu, lazima. Basi nilipomwambia kwamba nitalala hemani siku tano, nilijiandaa kwa maswali kuhusu dubu. Badala yake aliingiza mikono yote miwili ndani ya kitenge chake.

"Hema?" akasema. "Hapana, baba. Kwa hilo mkono wangu haunyanyuki."

Akainuka akaenda kudeki jikoni, ambako alikuwa amedeki asubuhi.

Nilidhani nimemwelewa. Mimi nimezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma, kwenye kibanda cha udongo, na kabla ya kibanda hicho wazazi wangu walikaa kwenye hema. Siku tulipofika Vickery Meadow, hapa Dallas, mwezi wa Januari, mama alivua viatu akatembea vyumba vyote miguu mitupu, kisha akasimama pale ukutani panapotokea hewa ya moto, akalia. Tangu siku hiyo sakafu yetu ni altare. Thubutu uingie na viatu. Nikajiambia, huyu mama hataki mwanawe arudi kulala kwenye vumbi. Kuuliza si ujinga, lakini sikuuliza. Ndiyo tabia yangu mbaya hiyo, nikishajipa jibu sitafuti lingine.

Mwenzangu alikuwa ameshanichagulia kwa maneno. Alitaka hema la umbo la pia: nguzo moja katikati, kitambaa chepesi kinashuka pande zote, na chini hakuna kitu, ni ardhi yenyewe. Juu lina tundu lililozungushiwa kitambaa kisichoshika moto, na hapo ndipo bomba la jiko linapotokea. Jiko lenyewe ni mabati mepesi yanayokunjwa mpaka yanakuwa kama daftari. Unaingia na buti zako zenye theluji, alinieleza, unatundika soksi, unawasha kuni, unakuwa mtu tena. Nikamsikiliza, nikaitikia, kisha nikanunua na la pili, lenye sakafu iliyoshonewa humo humo kama mfuko. Hilo halina jiko, maana huwezi kuwasha moto juu ya plastiki. Duka linakubali kurudishiwa mali ndani ya mwezi. Mpango wangu ulikuwa kumwonyesha mama lile lenye sakafu, nipate baraka yangu, halafu nimtulize mwenzangu kwa blanketi nzito.

Ghorofani kwetu huwezi kusimamisha hema, labda ulisimamishe kitandani. Kwa hiyo Jumamosi nilimpakia mama garini tukashuka hadi Pearland, kando ya Houston, kwa dada yangu, ambaye ni nesi na ana ua wenye majani. Njiani Mama alisali rozari mbili, na nadhani zote mbili zilikuwa dhidi yangu.

Nilisimamisha yote mawili kando ya uzio. Dada akatoka na sare zake za kazi, kikombe mkononi.

"Fanya haraka," akaniambia. "Jirani aki-complain, wale watu wa kamati ya mtaa wananitumia barua. Juzi wameniandikia sababu ya pipa la taka!"

Nikamshika mama mkono nikampeleka kwenye lile lenye sakafu. Nikafungua zipu kama muuza magari. "Ona, Mama. Safi. Hakuna vumbi, hakuna mdudu."

Mama aliinama akapapasa ile plastiki kwa kiganja, taratibu, mpaka kwenye mshono wa pembeni. Kisha akainuka.

"Moto unakaa wapi?"

"Hili halina moto, Mama. Lina sakafu."

"Nimekuuliza moto unakaa wapi."

Akanipita, akainama akaingia kwenye lile la pili, lile nililotaka kumficha. Nikamfuata. Alikuwa amekaa chini kwenye majani, miguu ameinyoosha, anaangalia jiko, anafuata bomba kwa macho mpaka juu linapotokea.

"Washa," akasema.

Dada aliguna huko nje kuhusu barua, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeokota vijiti chini ya mwaloni wake. Mimi nilijaza jiko mpaka likasongwa na moshi. Mama akanisukuma kwa kiwiko, akatoa kuni zangu zote, akapanga zake tatu, akapuliza mara moja. Bomba likaanza kuvuma. Tulikuwa tumeacha mlango wazi, na bado baada ya dakika chache nilivua koti.

Ndipo akasema, bila kututazama.

"Kati yenu ninyi wawili kulikuwa na mtoto. Mnamjua."

Tulimjua kwa jina la ubatizo tu, lile analolitaja kila misa ya marehemu. Tuliambiwa homa ilimchukua.

"Hema tulilopewa kambini lilikuwa na plastiki chini, imeshonewa hivyo hivyo. Walinzi wakapita: marufuku moto ndani, mtaungua wote. Mvua ikanyesha wiki nzima, nje moto hauwaki. Mtoto akashikwa na kifua. Nilimweka hapa." Akajigusa kifuani. "Mwili wangu nao ulikuwa wa baridi. Kuni kavu nilikuwa nazo, nilizificha chini ya nguo. Ningeweza kuikata ile plastiki kwa kisu, nikaweka mawe yangu matatu. Nilitii sheria."

Dada aliweka kikombe chini akaja akakaa karibu naye, sare na yote, kwenye majani. Mimi niliona aibu, tena aibu kubwa. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa nimeugeuza kuwa habari ya vumbi.

"Nilifikiri unachukia udongo, Mama," nikamwambia.

"Udongo?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anachukia ugali. "Udongo unafagiwa, baba. Mimi naogopa baridi."

Akafungua kamlango ka jiko kwa kidole, akaongeza kijiti, akafunga. Alinihoji kama fundi. Huko milimani kuni kavu zipo? Mwenzako anajua kupasua? Usiku nani anaamka kuongeza? Na mlangoni mtaacha nafasi ya hewa? Nilijibu kila swali, na kwa kila jibu bega lake lilishuka kidogo. Alipoishiwa na maswali akasema lile jingine nilirudishe dukani, asilione tena.

Dada aliangalia saa akashtuka, akaanza kujikung'uta majani. Nikamsaidia mama kuinuka. Alipapasa mfuko wa kitenge akitafuta kichupa cha maji ya baraka, akakumbuka amekiacha Dallas, maana hakuwa amekuja kunibariki.

"Inama," akasema.

Niliinama. Gumba lake lilikuwa kavu na la moto, na jeusi kwa masizi ya kamlango ka jiko. Akachora msalaba polepole, akaubonyeza mwishoni kama anapiga mhuri, na midomo yake ikataja majina mawili, langu na la yule mtoto.

"Eh, Jumatano ya Majivu imewahi mwaka huu," dada akasema huku machozi yanamtoka.

Tulirudi Dallas, mwendo wa saa nne nzima, lile hema la kurudisha dukani limerudi ndani ya boksi lake nyuma ya gari. Mama alilala njiani, mkono wake juu ya goti langu. Kila nilipotazama kioo niliuona ule msalaba mweusi, na sikuufuta.