Shahidi Mwenye Matusi

Juzi nilikuwa ofisi ya kata, Ikungi, kugongesha muhuri vyeti vyangu visivyonipa kazi. Mbele yangu mzee wa Kinyaturu aliomba barua ya utambulisho. Bila hiyo hapati kitambulisho.

"Shikamoo mzee. Nani anakufahamu hapa?" aliuliza mtendaji, mgeni katika kata hiyo.

Mama wa Kigogo akacheka benchini. "Mnyaturu huyu mchoyo? Mimi mtani wake! Kwenye msiba wa baba yake nilivaa koti la marehemu nikatembea hivi." Akainuka, akachechemea, mkono kiunoni.

Mzee akafuta machozi ya kicheko. "Baba kabisa, we mla mlenda!"

Barua ikaandikwa.

Chuoni tulikariri semista nzima kwamba identity ni network ya watu. Digrii ninayo. Wa kunitukana kwenye intavyuu ndiye sina.