Nilivyoteremshwa Kutoka Darini

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu Mokowe, mchungaji kijana alituwekea picha ukutani: nyumba za kale za Kapernaumu, dari bapa, ngazi kwa nje. Akasema ukitaka kukielewa kitabu cha Marko, kwanza ujue watu wale walijengaje na walilalia nini. Waumini wakaitikia amina. Mimi nikacheka, rafiki yangu, mpaka mama aliyekaa mbele yangu akageuka kunitazama. Somo lile nililipata Siyu nikiwa na miaka minane, na nililipata kwa mwili wangu.

Baba alikuwa polisi, kahamishiwa Siyu kutoka bara. Wakristo tulikuwa wachache, askari na walimu na jamaa zao, tukisali Jumapili katika darasa moja la shule. Asubuhi punda walilia vichochoroni, na harufu ya mkate wa mofa ilitoka kwa jirani yetu, Bi mmoja mwenyeji aliyenikatia kipande kila nikipita. Kazi yangu nyumbani ilikuwa kuchambua mchele, maana ni kazi ya kukaa. Mguu wangu wa kulia ulipooza nikiwa mchanga. Nilitembea kwa fimbo, nikavaa kiatu kimoja tu, na watoto wenzangu wa kanisani waliniita Nusu. Hata mwalimu aliniita hivyo akisahau.

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa na ugonjwa wa kueleza. Huko bara alikofundisha kwanza, alipowasomea watoto habari ya yule aliyepooza, aliyeteremshwa na rafiki zake kupitia paa la nyumba alimokuwa Yesu, watoto wakamchorea watu wanne wakikata mabati kwa msumeno. Jambo hilo lilimkera miaka. Sasa alipofika Siyu akaona nyumba za mawe, dari za boriti na chokaa, hakulala kwa furaha.

"Kapernaumu ndiyo hii," alituambia. "Mara hii mtaona kwa macho. Na hilo godoro mnalosoma, lisahauni. Maskini wa wakati ule alilalia mkeka."

Akaagiza mkeka mpana kutoka Kipungani. Akachagua wavulana wanne wenye nguvu. Kisha akanitazama mimi, akatabasamu. "Wewe ndiye mgonjwa. Wewe hutahitaji kuigiza."

Basi akili yangu ikapiga hesabu yake. Wale wanne wataigiza, maana si rafiki zangu hata kidogo. Mwalimu ataigiza, maana si Yesu. Mimi peke yangu siigizi. Kwa hiyo litakalonipata mimi litakuwa la kweli. Wiki nzima niliupaka ule mguu mafuta ya nazi, nikausemesha, nikauambia ujiandae. Mama aliniona, wala hakunikataza.

Ubavuni mwa nyumba ya Bi jirani palikuwa na gofu la ukoo wake, dari yake imetoboka upande mmoja. Mwalimu alikwenda kuliomba, nami nikiwa nyuma yake. Bi akacheka. "Watu wa bara muna mambo. Haya, tukuwani. Lakini hoko kwengine musikanyage, boriti zimeoza." Akanitupia jicho, akamgeukia mwalimu. "Na huyu mtoto, yuwajua kuwa ni mtezo?"

"Anajua ni mchezo, Bi," mwalimu akajibu, naye keshaanza kupima tundu kwa macho.

Jumapili ikafika. Wakanipandisha, fimbo yangu ikaachwa juu, wakanilaza mkekani na kuufunga kamba pembe nne. Chokaa iliniingia machoni. Nilishuka polepole, nikisikia chini mwalimu akiwaonyesha watoto boriti zilivyopangwa, mawe yalivyolazwa juu yake, na kwa nini paa la namna hiyo huweza kufumuliwa na kuzibwa tena. Nilipogusa sakafu akaninyoshea mkono, akaniamuru niinuke, nijitwike mkeka wangu, niende nyumbani.

Nikainuka. Niliuweka chini mguu wangu wa kulia kama watu wanavyoweka miguu yao, nikaulalia kwa uzito wangu wote. Nikaanguka kifudifudi, mdomo ukapasuka kwenye jiwe.

Walicheka, wewe. Wale wanne walicheka kule juu mpaka vumbi likamwagika. Mmoja akapaza sauti, "Nusu hajapona, mteremsheni tena." Mwalimu akapiga makofi kuwanyamazisha, nikadhani anakuja kuniinua. Akanivuka. "Tusipoteze muda," akasema. "Nani ataniambia, dari hii imejengwa kwa vitu gani?" Na mikono ikanyoshwa. Mpaka leo nayajua majibu yote, maana niliyasikia nikiwa nimelala pale, mdomo umejaa damu.

Nilipogeuza kichwa nikamwona mama mlangoni. Mkononi alishika viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba, vipya, vyote viwili. Alikuwa amemwagiza askari mmoja amnunulie mjini Amu, wala hakuniambia. Sikujua kuwa nyumbani kwetu tulikuwa wawili wenye hesabu ile moja.

Sasa gofu lile limeporomoka lote, nimesikia. Bi amekufa, mama amekufa, na mwalimu alihamishwa zamani, huenda anaeleza mahali pengine. Mofa ya siku hizi haina ladha ile. Lakini huwa siwazi hayo ninapoikumbuka Siyu.

Jioni ile mama alinisafisha mdomo kwa maji ya chumvi. Kisha akavifuta vile viatu vumbi, akatoka navyo. "Vitaharibika bure," alisema aliporudi mikono mitupu. Alimpa binti wa mwalimu, tuliyelingana naye umri. Vilimtosha vizuri sana. Alivivaa kila Jumapili, na darasani alikaa mbele yangu.