Kujifunza Kulala Baada ya Lindo

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye ghala la kahawa mjini Bukoba, Mkuu wa Ulinzi alinipa koti, tochi, kirungu na konzi moja ya akamwani, yaani buni zilizochemshwa na majani zikakaushwa, zile tunazotafuna sisi Wahaya. Akasema, "Hii nayo ni silaha. Mlinzi akisinzia, ghala halina mtu."

Nilimtii. Kila saa nilizunguka lindo, yaani sehemu niliyokabidhiwa, nikaandika kwenye daftari la matukio kuwa hali ni shwari. Baadaye nilihamishiwa Muleba. Msimamizi wa Zamu wa huko aliruhusu tulale kwa kupokezana. Mimi sikulala, tena nilimdharau moyoni. Nilimkosea. Ghala lake halikupoteza gunia, na huenda yeye ndiye aliyeijua kazi. Niliishia darasa la saba, sina hakika.

Na mke wangu tulipishana mlangoni: mimi narudi, yeye anakwenda shambani. Tulisema nikistaafu tutalala kama watu. Nilistaafu, tukarudi Ijuganyondo, akafariki kabla ya mwaka kwisha. Nikabaki na kitanda, macho makavu mpaka alfajiri, mchana nasinzia kwenye kiti. Siku moja nilisinzia sufuria ikiwa motoni, moshi ukajaa nyumba. Jirani yangu Ta Petro ndiye aliyeiepua. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni wangu pekee. Alikuwa akija saa kumi jioni, tukitafuna akamwani na kubishana.

"Sasa unalinda nini," aliniuliza, "migomba?"

Akanisukuma niende zahanati, Hamugembe. Tabibu, binti mwenye subira, aliuliza kama nakunywa kahawa. Nikasema sinywi, na niliamini nasema kweli. Kwetu akamwani ni heshima ya mgeni, sikuwahi kuihesabu.

"Na hicho unachotafuna, babu?"

"Akamwani tu."

"Babu, hiyo ni kahawa."

Hakunicheka. Alisema mwili uliozoea kukesha hufundishwa upya polepole. Niamke saa ile ile kila siku, nisilale mchana. Usingizi ukigoma nisigombane na kitanda, niondoke nikakae mpaka macho yawe mazito. Na ikipita saa sita mchana, nisitafune. Akauliza nakaa na nani. Nikasema peke yangu, akaandika.

Wiki za mwanzo sikuona kitu, nikamshuku. Kisha usingizi ukaanza kuja, muda wa saa nne, mara nyingine tano, kwa usiku mmoja. Haki yake nampa.

Lakini Ta Petro alipokuja nilimwekea kikapu cha akamwani, mimi nikakunja mikono. Kwetu mgeni hatafuni peke yake. Nilimweleza ya tabibu. Akarudisha buni kikapuni, akasema, "Basi pumzika, mwenzangu." Hajarudi tangu hapo, na simlaumu.

Ninyi mnaolinda sasa, mkiruhusiwa kulala kwa zamu, laleni. Mimi kesho nitabeba kikapu niende kwake asubuhi. Saa hizo anapalilia na hapendi kusimamishwa. Nitasimama pembeni mwa shamba mpaka aniite.