Mto wa Kichwa cha Mfalme

Petronela alikuwa na kijicho, na hapa mjini kwetu kando ya mto Vistula hakuna asiyelijua hilo. Jirani akipata mbuzi wa maziwa, yeye alikosa usingizi. Lakini kwenye sindano, jamani, tusimnyime haki yake: alitarizi mavazi ya mapadre miaka thelathini, na wasichana wengi walijifunzia kwake. Salomea alikuwa mmoja wao.

Basi mafundi wa sakafu ya kanisa kuu wakafukua mifupa ya mfalme wa kale, na Askofu akaamuru azikwe upya kwa heshima. Kazi aligawa mwenyewe. Kitambaa cha kufunikia jeneza, chenye tai mweupe wa nyuzi za fedha, akampa Salomea. Petronela akaambiwa ashone mto wa kichwa, ule ule tunaowawekea maiti wetu wote, na akapewa fungu la majani ya kuujaza, yaliyobarikiwa siku ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, limefungwa kwa utepe wa zambarau wa Askofu.

Mto! Kitu cha kufungiwa ndani, asikione mtu! Chakula hakikumshuka. Yaani mwanafunzi wake atembeze tai mbele ya watu, na yeye ashone mto kama bibi yeyote wa shamba? Hasira zikampanda. Fungu la majani akalisukuma ndani kabisa ya kabati pamoja na utepe wake, mto akaujaza nyasi za zizini. Akaushona vizuri lakini, maana mkono wake haukujua kushona vibaya.

Siku ya maziko kanisa lilifurika. Watu walimsifu tai wa Salomea, Petronela akawa anajitafuna midomo. Kisha Askofu akakiondoa kitambaa juu ya jeneza.

"Hiki kitabaki huku kwetu," alisema. "Mto ndio utakaokwenda na mfalme mpaka siku ya ufufuo, pamoja na jina la aliyeushona."

Akasoma jina la Petronela kwenye kipande cha ngozi, akakitia chini ya mto. Salomea akamwinamia mwalimu wake sikioni.

"Mwalimu, leo nakuonea wivu mpaka naona haya."

Miaka mingapi Petronela alikuwa akiyangoja maneno hayo! Askofu akauliza, kabla ya kulipiga jeneza muhuri, kama yupo mwenye neno. Petronela akafungua kinywa, akamtazama Salomea aliyelengwalengwa na machozi, akakifunga. Muhuri ukapigwa.

Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Alipokuwa anakata roho alimsihi Salomea asimwekee majani yaliyobarikiwa, amwekee nyasi tu. Salomea alidhani ni homa. Alipokwenda kabatini kutafuta shuka ya kumvika marehemu, akalikuta fungu, limekauka, na utepe wa zambarau bado umefungwa.

Akakaa kitako sakafuni, akafahamu mfalme alikuwa amelalia nyasi. Kisha akashona mto, akaujaza majani ya mfalme, akauweka chini ya kichwa cha mwalimu wake.

"Haya," akamwambia. "Si ulijiwekea mwenyewe kabatini? Lala nayo."