Mbawa za Mwenyekiti

Kasuku wako akimng'ata mteja sikio mpaka damu, utamkata mbawa?

Usijibu haraka. Mtaa mzima pale Kirumba ulishajibu haraka, na jibu lilikuwa moja: kata. Aliyebaki bila jibu ni Longino, kinyozi, mwenye kasuku.

Alimrithi kwa marehemu baba yake huko Kagera. Akamwita Mwenyekiti, kwa jinsi alivyopenda kukaa juu ya fremu ya kioo na kuwasimamia watu. Kila mteja aliponyanyuka kwenye kiti, ndege alipaza sauti: "Nani anafuata?" Miaka yote hiyo hakumgusa mtu. Mwaka huu akageuka. Alimrukia fundi baiskeli, akamrukia mwalimu, na Alhamisi jioni akamtoboa sikio Shigela, muuza dagaa, kabla hata hajaanza kunyolewa upande wa pili.

"Leta mkasi!" Shigela alifoka, damu mkononi, nusu ya kichwa ikiwa na nywele. "Mkate mbawa huyo, atembee kama kuku!"

"Pole, kaka. Sijui kimempata nini."

"Kimempata! Mimi ndiye nimepatwa! Manyoya tu hayo, yataota kama nywele."

"Wewe nikikunyoa, unaanguka?"

Mama Ng'washi, mwenye nyumba, alitokea uani kwa zile kelele.

"Shikamoo, mama," Longino aliwahi.

"Marahaba. Sikiliza, baba. Ndege wako nampenda, lakini sisubiri atoboe jicho la mtu. Kesho asubuhi nimkute amekatwa, au asiwepo."

Walipoondoka, Longino alichukua mkasi. Mwenyekiti akaja mwenyewe begani, akainamisha kichwa akunwe shingo. Longino akalikunjua bawa moja taratibu. Alitegemea kuumwa. Ndege akatulia tu, bawa limefunguka kiganjani mwake. Hilo likamtatiza. Mkali gani huyu anayekuachia bawa lake?

Akaketi kwenye kiti cha wateja, mkasi mapajani. Nani wameumwa? Warefu kwa wafupi, wenye ndevu na wasio nazo. Nani hawajaumwa? Watoto. Hata mmoja! Na watoto huwafunika kwa taulo, maana kile kitambaa cheusi cha nailoni anachowafunikia watu wazima huwameza mpaka miguuni. Kitambaa chenyewe ni kipya, alikinunua mwaka huu kitenge cha zamani kilipochakaa. Hukishika pembe mbili, akakikung'uta hewani, pah! kisha akakishusha juu ya mteja. Tena na tena katikati ya kunyoa, kumwaga nywele. Akawakumbuka mwewe wanaozunguka juu ya soko la samaki la Mwaloni wakivizia mabaki ya samaki. Weusi unaofunguka angani, kisha unashuka.

Huenda Mwenyekiti hakuwachukia wateja. Huenda hata sikio la Shigela lilikuwa njiani tu.

Huenda. Hakuwa na hakika, lakini aliona aibu kukata asichokielewa, eti kwa sababu mkasi uko karibu na maswali yako mbali. Akautundika mkasi ukutani.

Asubuhi Mama Ng'washi alimkuta mlangoni. Shigela naye alikuwepo, plasta sikioni, kofia ikificha kichwa ambacho hakijamalizwa.

"Bado ana mbawa?" mama aliuliza.

"Tazama kwanza, mama. Kisha useme."

Longino akatoka na kitambaa cheusi hadi katikati ya njia, mbali na kichwa cha mtu yeyote. Akakikung'uta. Pah!

Mwenyekiti alichomoka kutoka ndani kama jiwe la manati. Alipita karibu kabisa na uso wa Mama Ng'washi, hakumgusa. Alimpita Shigela, aliyekuwa ameshachuchumaa huku ameziba masikio. Akakidaka kitambaa, Longino akakiachia. Pale chini kasuku alikipasua vipande vipande mbele ya mtaa mzima, mpaka kikaacha kupepea. Kisha akaruka, akarudi zake juu ya kioo.

Mama Ng'washi alikitazama kile kitambaa. Akafungua kitenge cha njano alichojifunga juu ya gauni, akamrushia Longino.

"Wafunike hiki. Na usikikung'ute ovyo."

Shigela akavua kofia, akaketi kitini, viganja bado masikioni. Kitenge kikamshukia polepole. Wote wakainua macho.

Mwenyekiti alikuwa anachambua manyoya ya bawa lake, moja baada ya jingine.